Jeni ya mbwa katika kirusi cha paka

Mwanzoni mwa 2023 madaktari wa mifugo mjini Nicosia, Cyprus, walianza kuletewa paka waliokonda hadi mifupa ikaonekana, huku matumbo yamejaa maji. Ugonjwa wenyewe waliujua: FIP, ambao husababishwa na kirusi cha korona cha paka na, usipotibiwa, karibu kila mara huua. Kilichowashtua ni wingi wa wagonjwa. Mwaka 2021 kipimo cha PCR kilithibitisha paka 3 kisiwani, mwaka 2022 wakawa 4. Kati ya Januari na Agosti 2023 walifika 165.

Vyombo vya habari vya dunia vikatangaza kwamba paka 300,000 wamekufa. Hesabu hiyo ilitoka kwa watetezi wa wanyama, na chama cha madaktari wa mifugo kiliikataa. Kwa maoni yangu, ubishi huo ulifunika swali zito zaidi: paka hao wanaambukizanaje?

Maana FIP ya kawaida haiendi hivyo. Korona ya paka hukaa utumboni na kutoka na kinyesi, na paka wengi huibeba bila shida kubwa, labda kuharisha kidogo. Kwa wachache kirusi hubadilika humo humo mwilini, kikavamia chembe za kinga na kusambaa. Kirusi kilichobadilika hivyo kwa kawaida hakimfikii paka mwingine.

Uchunguzi huanza kwa vitu vidogo. Daktari huchoma sindano tumboni na kuvuta maji ya rangi ya manjano, mazito, yanayonata. Tone moja likidondoshwa kwenye maji yaliyotiwa asidi ya siki kidogo, lisiyeyuke bali lining'inie, FIP inashukiwa. PCR ndiyo inayothibitisha kwamba kuna korona. Lakini PCR hutafuta kipande kifupi tu cha jeni. Kama sehemu nyingine ya kirusi imegeuka, haitasema.

Ikabidi jenomu isomwe yote, herufi zipatazo 29,000. Watafiti wa Taasisi ya Roslin, Chuo Kikuu cha Edinburgh, wakishirikiana na wenzao wa Cyprus, walisoma sampuli za paka hao na kukuta jambo la ajabu: sehemu kubwa ni korona ya paka, ila jeni inayotengeneza protini ya mwiba, ambayo kirusi hutumia kujishikiza kwenye chembe, ni ya mbwa. Inashabihiana na korona kali ya mbwa iliyowahi kupatikana Ugiriki mwaka 2009, isiyoishia utumboni bali huenea mwili mzima. Kirusi kipya kikaitwa FCoV-23.

Mchanganyiko wa namna hii hutokea virusi viwili vinapoingia kwenye chembe moja. Kimeng'enya kinachonakili RNA, yaani jeni za kirusi, ni kama karani anayenakili barua, upepo ukafunua ukurasa wa barua nyingine, naye akaendelea kuandika bila kugundua. Nakala nyingi za aina hiyo huharibika. Hii ilifanya kazi, tena ikawa inapita kutoka paka hadi paka.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalo tukio linalokaribiana na hili: mwaka 1994 kirusi cha distempa, ambacho mbwa wa vijijini walikuwa nacho, kiliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Ila kile kilivuka kikiwa kizima. Cha Cyprus kilizaliwa upya.

Habari njema ni kwamba dawa ipo. Agosti 2023 serikali ya Cyprus iliruhusu akiba yake ya molnupiravir, vidonge vilivyonunuliwa kwa ajili ya wagonjwa wa Uviko, wapewe paka. Ila kirusi hakikubaki Cyprus: mwaka huo huo paka mmoja aliyepelekwa Uingereza kutoka kisiwani aliugua huko, na jeni za kirusi chake zikalingana na za FCoV-23. Anayetaka kusafirisha paka kutoka Cyprus anashauriwa ampime korona kabla hajamkatia tiketi.