Kubembeza Uzito: Ketolibeli au Dambeli?

 

Leo tunaangalia zoezi la kubembeza uzito. Vijana wanaokwenda jim mjini Kericho, Litein na Bomet wanalifahamu: unashika chuma kwa mikono miwili, unakipitisha kati ya mapaja, kisha unakisukuma mbele hadi usawa wa kifua. Kinarudi, unakisukuma tena. Swali ambalo huulizwa ni hili: je, ni lazima mtu awe na ketolibeli, au dambeli inatosha?

Huenda wewe unayechuma majani chai unasema hayo ni mambo ya vijana wenye nafasi. Ngoja kidogo. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Mgongo ukikataa kwa siku tatu, kilo za siku tatu zimepotea, na karo ya watoto haingoji. Zoezi hili linatia nguvu misuli ya makalio, ya nyuma ya mapaja na ya mgongo, ile ile inayokushikilia ukiinama juu ya mchai au ukiinua kikapu kilichojaa. Lakini likifanywa vibaya, linaumiza mgongo huo huo.

Ketolibeli ni tufe la chuma lenye mpini mpana juu yake, mfano wa birika lisilo na mdomo. Asili yake ni Urusi, ambako wauza nafaka walitumia mawe ya mizani yenye mpini. Kipimo chao cha kale, pudi moja, kilikuwa kilo 16 na kidogo, ndiyo maana hata leo utakuta nyingi ni za kilo 16, 24 na 32. Dambeli nayo ni chuma kifupi chenye uzito pande zote mbili, nawe unashika katikati. Hapa kwetu nyingi ni za kujitengenezea: kipande cha bomba na mikebe miwili iliyojazwa simiti.

Tofauti kubwa ni mahali uzito unapokaa. Katika dambeli, uzito umelingana pande zote za kiganja. Katika ketolibeli, uzito unaning'inia chini ya mkono, kwa hiyo unabembea vizuri kama kengele, na mpini unapokea mikono yote miwili. Dambeli huwezi kuishika kwa mikono miwili ila kwa kukumbatia kichwa chake kimoja, na mikono ikitoka jasho inateleza. Ukiishika kwa mkono mmoja, kiwiliwili kinavutwa upande. Tena vichwa vyake hugonga magoti, basi mtu anapanua miguu, anachuchumaa, na kumalizia kwa kuinua kwa mabega. Hapo zoezi limekuwa jingine kabisa.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba dambeli ndogo yaweza kutumika, lakini kwa kubembeza, ketolibeli ni bora na salama zaidi. Dambeli iache kwa kazi yake, kwa mfano kuinama kidogo ukiegemea benchi na kuivuta hadi ubavuni. Zoezi hilo linawafaa sana wachumaji, ambao mabega yao hukaa mbele kutwa nzima.

Na asiye na ketolibeli? Tazama jikoni. Mtungi wa plastiki wa lita 5, ule wa mafuta ya kupikia, una mpini juu na uzito chini. Ukiujaza maji pomoni ni kilo 5. Ukiujaza mchanga mkavu ni kilo 8 hivi. Usiujaze maji nusu, kwa sababu yatachezacheza na kukuyumbisha. Shika mkono mmoja juu ya mwingine, kagua kama mpini una ufa, kaza kifuniko, na watoto wasisimame mbele yako.

Sasa namna ya kufanya. Kwanza jifunze kuinama bila uzito wowote. Weka mpini wa jembe mgongoni, uguse kisogo, kati ya mabega na juu ya makalio. Sukuma makalio nyuma kama mtu anayefunga mlango wakati mikono imejaa kuni. Magoti yakunjwe kidogo tu, na mpini usiachane na mwili popote. Ukiweza hivyo, chukua mtungi. Nguvu itoke kwenye nyonga. Mikono ni kamba tu. Pumua nje unaposukuma. Fanya mara 10, pumzika dakika moja, rudia mara 5, siku tatu kwa wiki.

Huko Denmark, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwachukua watu wazima 40, wengi wao wanawake, wenye kazi zinazoleta maumivu ya mwili. Waliofanya mazoezi ya ketolibeli mara tatu kwa wiki kwa wiki 8 walipungukiwa na maumivu ya shingo, mabega na kiuno. Uwezo wa moyo na mapafu haukuongezeka, kwa hiyo usiache kupanda vilima kwa miguu. Mwaka 2012, Stuart McGill na mwenzake huko Kanada walipima ketolibeli ya kilo 16 na kuona kwamba inavuta pingili za kiunoni kwa namna tofauti na kunyanyua kwa kawaida. Wengine hupona kwayo, wengine huzidiwa.

Usifanye zoezi hili katika saa ya kwanza baada ya kuamka, kwani usiku visahani vilivyo kati ya pingili hujaa maji na kuumia upesi mtu akiinama. Usifanye pia mara tu unapotua kikapu. Mama mjamzito na mwenye shinikizo la damu waulize kliniki kwanza.

Maumivu yakishuka mguuni au mguu ukifa ganzi, acha. Ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, iwe Kericho, Longisa au Tenwek. Na ukimwona mtaalamu wa tibamaungo, mwonyeshe jinsi unavyosimama ukichuma, na umwambie kikapu chako kikijaa kina kilo ngapi.