Malale: Kimelea Kinachobadili Koti

Malale hudhaniwa kuwa ugonjwa wa usingizi mwingi tu, ilhali mgonjwa ambaye ubongo wake umeshambuliwa hukesha usiku, husinzia mchana, na huweza kubadilika tabia hata akadhaniwa amerukwa na akili. Katika Arua na Koboko nchini Uganda, jirani na Kongo na Sudan Kusini, ugonjwa huu huletwa na Trypanosoma brucei gambiense, kimelea cha seli moja kienezwacho na mbung'o wa kingo za mito, ambacho huweza kukaa mwilini kwa miezi au miaka kabla ya kupenya kwenye ubongo.

Kimelea hiki huogelea waziwazi katika damu, kikilindwa na koti la protini zipatazo milioni 10 za aina moja. Kingamwili, yaani askari wa mwili, zinapolitambua koti hilo na kuangamiza vimelea vingi, vichache huwa vimekwisha kuvaa jingine kutoka katika akiba ya jeni zaidi ya 1,000. Hata hivyo, karibu vyote hupitia koti liitwalo LiTat 1.3, na juu ya udhaifu huo kilijengwa kipimo cha kadi mwaka 1978: tone la damu huchanganywa na vimelea vilivyouawa na kutiwa rangi ya buluu, kadi huzungushwa kwa dakika 5, na vimelea vikishikamana, kingamwili zimo. Kwa kuwa kingamwili hubaki hata baada ya kupona, ni lazima kimelea chenyewe kitafutwe kwa hadubini katika damu au majimaji ya tezi za shingo. Kisha maji ya uti wa mgongo yakiwa na kimelea, au seli nyeupe zaidi ya 5 kwa kila maikrolita, ubongo huhesabiwa kuwa umefikiwa.

Hatua hiyo ilikuwa ya kutisha enzi za melarsoprol, dawa ya aseniki iliyoua takriban mgonjwa 1 kati ya 20, na ambayo huko Omugo, eneo la Arua, miaka ya 1990, wengi walirudiwa na ugonjwa baada ya kuitumia. Leo kuna vidonge vya feksinidazoli vya siku 10, vipimo vya haraka, na vitambaa vidogo vya buluu vyenye sumu ya mbung'o vilivyowekwa kando ya mito tangu 2011.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya gambiense si tishio tena kwa afya ya umma nchini Uganda. Ushindi huo usiwe kisingizio cha kuziacha hadubini zipate vumbi na mafundi wa maabara wasahau sura ya kimelea: homa isiyokoma ambayo si malaria bado inastahili kupimwa malale.