Lumi ikijaa tope, Taveta na Mwanga hulia pamoja

Mwenye tenga la nyanya anayevuka Holili kwenda Taveta anazijua karatasi zake. Mzigo usipozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, na bidhaa ikiwa katika orodha iliyokubaliwa, cheti cha uasilia kilichorahisishwa kinamtosha, naye halipi ushuru wa forodha. Maji yaliyoikuza nyanya hiyo hayana cheti chochote, ingawa nayo yanavuka mpaka, tena mara mbili.

Tuyafuate. Mto Lumi unaanzia miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, upande wa Rombo, Tanzania. Unaingia Kenya, unapita Taveta, kisha unamwaga maji Ziwa Jipe, ambalo mpaka umelikata katikati. Yakitoka ziwani, maji yanarudi Tanzania kwa jina la Ruvu, yanajaza bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu yanakuwa Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Njiani yanazungusha mitambo ya umeme: megawati 8 Nyumba ya Mungu, 21 Hale na 68 New Pangani Falls. Kwa hiyo hata mwenye friji ya soda Korogwe ana lake katika mto huu.

Ziwa lenyewe linaumwa. Udongo unaoshuka na mvua unalijaza, na magugu yamefunika sehemu kubwa ya kingo na kuziba njia za mitumbwi. Perege wa Jipe, ambaye kwa asili hapatikani nje ya bonde la Pangani, yumo katika orodha ya kimataifa ya samaki walio hatarini kabisa kutoweka. Mchuuzi wa samaki huliona jambo hili mapema kuliko mtaalamu, kwa sababu ndoo yake haijai.

Lakini tope halianzii ziwani. Linaanzia kwenye shamba lililolimwa hadi mdomoni mwa mto, na kwenye chemchemi ambayo ng'ombe wanaingia kwa miguu kunywa. Sheria zipo. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Sheria za maji za nchi zote mbili, ya Kenya ya 2002 iliyofuatwa na ya 2016, na ya Tanzania ya 2009, zinawapa wananchi nafasi ya kuunda jumuiya za watumia maji. Ofisa mmoja mwenye pikipiki moja hawezi kulinda mita 60 za kila kijito. Anayeweza ni jirani anayechota hapo kila asubuhi.

Na majirani hawa hawahitaji kufundishwa kushirikiana. Wachagga wamegawana maji ya mifereji kwa zamu tangu enzi za mababu. Huko Upare, milima inayoitazama Jipe, watu walichimba ndiva, bwawa dogo linalojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi kuelekea mashambani. Kulizibua tope ni kazi ya msaragambo, na asiyetokea hutozwa faini. Mradi wa fedha za nje ukija bila kuuliza nani anasimamia ndiva, mara nyingi unaacha kibao kizuri barabarani na pampu iliyokufa.

Unaodumu ni mradi wa mambo madogo: uzio kuzunguka chemchemi, birika la mifugo lililowekwa mbali na jicho la maji, miti ya asili kama mikuyu badala ya mikaratusi inayokunywa bila kushiba, na mfuko wa kulipia vipuri. Miche ni rahisi kuipanda siku wageni wanapopiga picha. Anayeimwagilia Januari na Februari, jua likiwaka, ndiye anayestahili kulipwa, na hapo ndipo michango huwa imekwisha.

Hapa ndipo mfanyabiashara anapohusika. Mashamba ya umwagiliaji ya Taveta yanategemea chemchemi kama Njoro Kubwa, zinazolishwa na maji ya Kilimanjaro. Chemchemi ikipungua, ndizi na nyanya hupungua, bei hupanda, na lori hurudi nusu tupu. Vyama vya wafanyabiashara vya pande zote mbili tayari vinachangishana kwa misiba na harusi. Kiasi kidogo kwa kila tenga, kikikabidhiwa jumuiya ya watumia maji kwa risiti, na hesabu ikisomwa hadharani siku ya soko, kingelipa mlinzi wa miche kiangazi kizima. Risiti ni lazima. Sote tunajua mfuko usiosomewa hesabu huishia wapi.

Serikali mbili zimekuwa zikizungumzia usimamizi wa pamoja wa maziwa Chala na Jipe pamoja na Mto Umba. Mazungumzo hayo yaendelee. Mvua za vuli huanza Oktoba, na mashimo ya miche huchimbwa kabla yake.