Amritsar: Mji Unaolisha Kila Mgeni

Mwongozaji wetu, mzee mwenye kilemba cha samawati na ndevu nyeupe, alitukusanya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akatupa masharti matatu: tuvue viatu, tufunike vichwa, na tusinywe chai ya asubuhi. Masharti mawili ya kwanza tuliyaelewa mara moja. La tatu hakulieleza. Alitabasamu tu, akasema tutalijua huko mbele.

Amritsar umo katika jimbo la Punjab, kaskazini-magharibi ya India, karibu na mpaka wa Pakistani. Ulianzishwa mwaka 1577 na Guru Ram Das, wa nne kati ya Maguru kumi wa dini ya Masingasinga. Jina la mji lina maana ya bwawa la maji ya uhai. Katikati ya bwawa hilo limesimama Harmandir Sahib, ambalo walimwengu hulijua kwa jina la Hekalu la Dhahabu, kwa kuwa Maharaja Ranjit Singh alilifunika kwa dhahabu katika karne ya 19.

Niliosha miguu katika kidimbwi cha mlangoni, nikajitanda kanga niliyotoka nayo nyumbani, nikateremka ngazi. Naam, msomaji, hekaluni humo watu huteremka, hawapandi. Huo ndio unyenyekevu wanaofundishwa kabla ya neno lolote. Hekalu lina milango minne, mmoja kila upande. “Nyumba yenye mlango mmoja humchagua mgeni wake,” alisema mzee. “Hii haichagui.” Ndani yake kimewekwa kitabu kitakatifu, ambacho kwa mara ya kwanza kiliwekwa humo mwaka 1604, na nyimbo zake huimbwa tangu alfajiri hadi usiku.

Jiko lisilozimwa

Ilipokaribia saa tano, mzee alitupeleka kwenye jengo la pembeni. Hapo ndipo sharti la tatu lilipofumbuka. Jiko hilo huitwa langari. Halifungwi usiku wala mchana, na hulisha makumi ya maelfu ya watu kila siku bila malipo. Haulizwi mtu dini, kabila wala kazi yake.

Kila mmoja alipewa sahani ya chuma, tukaketi sakafuni kwa safu ndefu. Nakiri kwamba nilisita. Sisi watumishi wa serikali tumezoea sherehe zenye viti vya mbele vya wakubwa na mabenchi ya nyuma ya wengineo, na macho yangu yalikuwa yakitafuta mahali pangu. Hapakuwapo. Kulia kwangu aliketi mama mwenye mikono iliyopasuka kwa kazi za shamba; kushoto, bwana mwenye saa ya dhahabu. Tulipewa mchuzi wa dengu, mboga, chapati, na wali uliopikwa kwa maziwa na sukari. Nyama haipikwi, ili asiwepo mtu wa kuzuiwa na dini yake. Chapati hupokewa kwa mikono miwili. Ukitaka zaidi unaongezwa, lakini si uungwana kubakiza.

Desturi hii ilianzishwa na Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469, katika nchi ambamo mtu wa tabaka la juu hakukubali kula pamoja na wa tabaka la chini. Guru wa tatu, Amar Das, aliagiza kwamba anayetaka kuonana naye sharti kwanza ale pamoja na watu. Masimulizi yao husema hata Mfalme Akbar aliketi chini akala.

Wapishi wengi ni watu wa kujitolea. Niliona wanaume wazima wakikatakata vitunguu na kukanda unga, na hakuna aliyewacheka. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko mgeni hulitafuta jembe mwenyewe siku ile ile: nilikunja mikono ya gauni, nikajiunga na waosha vyombo, katika kelele za sahani kama mvua ya mawe juu ya bati.

Mji wenye makovu

Alasiri tulitembea dakika chache hadi bustani ya Jallianwala Bagh. Hapo, tarehe 13 Aprili 1919, Jenerali Dyer wa jeshi la Uingereza aliamuru askari wake waufyatulie risasi umati usio na silaha. Kwa muda wa dakika kumi hivi zilipigwa risasi 1,650. Serikali ya kikoloni ilihesabu maiti 379. Uchunguzi wa chama cha Congress ulikadiria elfu moja. Matundu ya risasi yamehifadhiwa ukutani, na kisima walimojitupa wakimbiaji kipo.

Mwaka 1947 mpaka mpya uliigawa Punjab, na mamilioni wakahama makwao. Juni 1984 jeshi la India liliingia hekaluni kuwaondoa watu wenye silaha waliojichimbia humo; mamia walikufa, wakiwamo mahujaji. Oktoba mwaka huo Waziri Mkuu Indira Gandhi aliuawa na walinzi wake wawili Masingasinga, na Masingasinga kwa maelfu wakauawa Delhi na kwingineko.

Mji wa namna hiyo ungekuwa na sababu ya kufunga milango. Usiku niliporudi hekaluni, yote minne ilikuwa wazi, na safu za walaji zingali zimeketi.

Desturi hiyo si ngeni kwetu. Mafundi wa Kisingasinga walikuwa miongoni mwa waliojenga reli kutoka Mombasa, na hekalu lao la Makindu, nchini Kenya, lililojengwa mwaka 1926, hulisha wapita njia bila malipo.

Nyumbani kwangu, binti anayetusaidia kazi alikuwa akila peke yake jikoni, baada yetu. Hakuna aliyemwamuru, yalikuwa mazoea tu, nami sikuyaona. Jioni ya kwanza baada ya safari nilitandika mkeka sebuleni nikamwita. Alisimama mlangoni kitambo, sahani mkononi, akiniangalia kama aliyekosea kusikia. Mume wangu akasogea kumpa nafasi.