Mkulima wa Kakamega Anauza Nini? Istilahi za Malipo ya Mazingira

Makala haya yanafafanua dhana ya malipo kwa matokeo ya mazingira, na kuonyesha kwa nini uteuzi wa istilahi zake unagusa maslahi ya mkulima.

Mwenye ekari moja ya mahindi kando ya Msitu wa Kakamega amezoea fedha za aina mbili: bei na ruzuku. Bei hulipwa kwa gunia linaloonekana. Ruzuku, kama ile ya mbolea, hutolewa kabla ya mavuno, yawe mema au mabaya. Malipo kwa matokeo ni kitu kingine. Mkulima hulipwa baada ya kuthibitishwa kwamba udongo wake umehifadhi kaboni zaidi, au kwamba tope mtoni limepungua. Akipanda miche nayo ikafa, jasho lake halina bei.

Mfano wa karibu ni Mradi wa Kaboni ya Kilimo wa Kenya, ulioendeshwa na shirika la Vi Agroforestry huko Kisumu na Bungoma, jirani ya Kakamega upande wa kaskazini. Mnamo 2010 mfuko wa BioCarbon wa Benki ya Dunia ulitia saini mkataba wa ununuzi. Januari 2014 zikatolewa hati za kwanza, za tani 24,788 za hewa ukaa. Si kwamba kila shamba lilipimwa. Wakulima, katika vikundi vyao, waliweka kumbukumbu za mboji, matandazo na miti, kisha kaboni ikakadiriwa kwa modeli ya kompyuta. Kumbe "tokeo" lenyewe ni makadirio, jambo ambalo neno hilo halidokezi hata kidogo.

"Kuuza hewa" nako humkumbusha Mkenya wafanyakazi hewa, yaani wasiokuwapo. "Tuzo" humvika mnunuzi joho la mfadhili. "Malipo" ndilo faafu zaidi, kwani hukiri kuwa yupo muuzaji na ipo bidhaa. Lakini bidhaa ni ipi: kaboni, miti, au ardhi yenyewe? Pale ambapo mashamba yamegawanywa yakagawanywa tena baina ya wana, swali hilo si la kinadharia.

Marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanaitaka miradi ya kaboni katika ardhi ya umma na ya jamii iwe na makubaliano ya maendeleo na wanajamii. Mwenye shamba binafsi ngao yake ni mkataba wake, nao ukiandikwa kwa Kiingereza, hutegemea tafsiri ya mdomo ya afisa wa nyanjani. Katika tafsiri hiyo yapasa kwanza yaeleweke mambo matatu: muda wa mkataba, mmiliki wa miti muda huo ukiisha, na mbeba hasara miche inapokauka.