Haki ya udongo imetoka wapi?

Katika parokia zetu za Djugu wakristu wanatuuliza mara nyingi: « Padri, udongo huu ni wa nani? » Mmoja anaonyesha kaburi la babu yake, mwingine anaonyesha karatasi ya serikali. Kabla ya kujibu, inafaa tujue wenye elimu wanafundisha nini juu ya asili ya haki ya kumiliki.

1. Mafundisho matatu

John Locke, Mwingereza (1632-1704), alifundisha kwamba haki inatoka katika kazi: anayelima mahali pasipo na mwenyewe anapafanya pake, mradi wengine nao wabakiziwe pa kuwatosha. Kwa David Hume wa Scotland (1711-1776), inatoka katika mapatano: watu walichoka kunyang'anyana, wakazoea kumwachia kila mmoja alicho nacho. Harold Demsetz wa Marekani, mwaka 1967, alitazama bei. Wenyeji wa Labrador, huko Canada, waliwinda bila kugawana pori. Lakini Wazungu walipoanza kununua ngozi za wanyama wao, kila jamaa ilijiwekea mipaka. Kitu kikipata bei, kinatafutiwa mwenyewe.

2. Mambo ya kwetu

Mafundisho hayo yana ukweli ndani yake. Lakini kwetu asili ya nne iliingia, nayo ni amri. Tarehe 1 Julai 1885 serikali ya Leopold II iliamuru kwamba udongo usio na watu ni wake. Shamba lililopumzishwa, malisho, pori la kuwinda, vyote vilihesabiwa kama havina mwenyewe. Baadaye walowezi walipewa vilima vyetu kwa ajili ya kahawa na ng'ombe. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya Serikali. Iliahidi amri ya Rais juu ya udongo wa desturi, na miaka mingi ikapita pasipo amri hiyo. Tena, karatasi isiyoshtakiwa kwa miaka miwili ilikuwa ngumu mno kuivunja. Mkulima asiyesoma Kifaransa angeshtakije jambo asilolijua?

Udongo haukuwa sababu peke yake ya vita. Hata hivyo, mwaka 1999 moto uliwaka Walendu-Pitsi kwa ugomvi wa mashamba makubwa; Walendu na Wahema wakafa kwa maelfu, na mwisho wa 2017 mauaji yakarudi.

3. Mafundisho ya Eklezia

Mtakatifu Tomaso wa Aquino anatenga mambo mawili. Kutunza mali na kuigawa ni haki ya mtu. Katika kuitumia, awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Leo XIII, katika Rerum Novarum (1891), alitetea haki ya kumiliki. Paulo VI, katika Populorum Progressio (1967), alikumbusha kwamba haki hiyo ina masharti. Mwenye udongo wa kwanza ni Mungu. Sisi ni wageni wake (Walawi 25, 23).

Basi, katekista, wapimaji wakifika kijijini, usinyamaze. Uliza wanampimia nani. Waite wazee wa pande zote, watembee mpakani mchana, mbele ya watu, na yote yaandikwe. Nasi mapadri tuanze nyumbani: mapatano ya 1906 kati ya Roma na serikali ya Leopold yaliahidi kila misioni hektari 100 hadi 200. Jirani akituuliza mipaka yetu, tusikasirike. Tukumbuke kwamba barua zilizomwua Naboti zilikuwa na muhuri wa mfalme.