Kombi Hailipi Mshahara

Tahasusi ya sayansi ya kidato cha tano na cha sita humpa mhitimu vitu viwili: sifa ya kudahiliwa katika baadhi ya kozi za chuo, na mazoea fulani ya kufanya kazi kwa vipimo. Cha tatu hakuna. Ajira haimo na mshahara haumo, ingawa kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka swali ni lilelile, kutoka sebuleni hadi kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo: kombi gani inalipa?

Swali hilo limekaa kombo. Kombi, yaani tahasusi, ni masomo matatu, basi. PCM ni fizikia, kemia na hisabati. PCB huitoa hisabati ikaleta baiolojia. PGM huweka jiografia mahali pa kemia. CBG ni kemia, baiolojia na jiografia. EGM ni uchumi, jiografia na hisabati. Tangu 2024 orodha imerefushwa hadi tahasusi 65, na wanaotafuta inayolipa wameongezewa tu mahali pa kupotelea. Anayeuliza huwa na mtu kichwani: kijana wa mtaa wa pili aliyesoma PCM, akapata divisheni wani, akaingia uhandisi, leo ana gari na kiwanja Kigamboni. Wenzake aliokaa nao darasani hawamo kwenye hesabu. Wapo wanaofundisha, wapo wenye duka la vifaa vya simu, wapo waliohamia kwenye mpunga na mahindi. Kwa upande wa PCB wapo madaktari wenye leseni mkononi wanaosubiri tangazo la Sekretarieti ya Ajira.

Imani kwamba kombi humtengeneza mtu imesimama juu ya kosa moja la hesabu, na ajabu ni kwamba hata waliosoma hisabati hulifanya. Mwanafunzi wa PCM hafanani na wenzake wa kidato cha nne hata kabla hajafungua daftari la kidato cha tano. Amechujwa. Alifaulu hisabati, somo ambalo kila mwaka wengi wa watahiniwa huliangukia. Yaelekea shule yake ilikuwa na mwalimu wa fizikia, jambo lisilopatikana katika kila kata. Pengine nyumbani kulikuwa na umeme, vitabu na mzazi aliyesoma. Akichaguliwa Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Kilakala, amechujwa mara ya pili. Miaka kumi baadaye anafanikiwa, na sifa yote inakwenda kwa kombi na kwa jina la shule. Huko ni kulisifu chujio kwa utamu wa chai.

Wachumi wana njia ya kutenganisha mchujo na mafunzo. Huwachukua wanafunzi waliokaa mpakani mwa alama za kuingilia, waliopenya kwa alama moja na waliokosa kwa alama moja, ambao kwa kila hali ni watoto wa aina moja, kisha hutazama wanavyoachana baadaye. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walifanya hivyo nchini Kenya kwa shule za kitaifa, ambazo wakati huo zilikuwa 18 na ambazo mtoto akichaguliwa ukoo mzima hupigiwa simu. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2014, hayakuonyesha nyongeza ya maana katika alama za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kwa sababu ya kuingia shule hizo. Mwaka huohuo Will Dobbie na Roland Fryer walichapisha uchunguzi kama huo kuhusu shule za New York zinazochukua wanafunzi kwa mtihani: Stuyvesant, Brooklyn Tech na Bronx Science. Hii ya mwisho, iliyoanzishwa 1938, imetoa washindi kadhaa wa Nobel ya fizikia, Sheldon Glashow na Steven Weinberg wakiwa wamehitimu pamoja. Hata hivyo, waliopenya kwenye mpaka hawakuhitimu chuo kwa wingi kuliko waliokosa.

Uchunguzi wa aina hii una mipaka yake. Unasema juu ya walio mpakani, si juu ya kipaji cha pekee, na haupimi urafiki wa bwenini unaokuja kumfungulia mtu mlango miaka 20 baadaye. Lakini unatosha kuizika hadithi ya jengo linalozalisha wanasayansi.

Juu ya hadithi hiyo pameota biashara. Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba na kidato cha tano huanza Julai, na miezi yote ya katikati ni msimu wa mavuno kwa vituo vya twisheni. Mtoto hulipiwa "pre-form five", hupewa madesa na rundo la pepa za miaka iliyopita, akaambiwa apige msuli asolvu mpaka ajue maswali yanavyojirudia. Dawa hii ina nguvu yake, maana humwongezea alama. Mitihani hurudia mitindo. Tatizo ni kwamba alama hizo huchukuliwa kuwa ndizo sayansi yenyewe. Aliyekariri hatua saba za swali la kitu kilichorushwa angani hana la kufanya swali likigeuzwa, kitu kikiangushwa kutoka kwenye gari linalokwenda. Mhadhiri wa mwaka wa kwanza humtambua mapema: kila anachopewa hukitafutia mfano uliokwisha kufanywa, na usipokuwapo hukaa na kalamu mkononi.

Ubaya wenyewe uko maabara. Katika jaribio la pendulamu, mwanafunzi hufunga kitu kizito kwenye uzi, hupima muda wa mizunguko 20, hubadilisha urefu wa uzi na kurudia, kisha huchora grafu ya mraba wa muda dhidi ya urefu. Kutoka kwenye mteremko wa grafu hupata kani ya mvutano wa dunia kwa kila kilo, nayo yapaswa kukaribia 9.8. Darasa zima linalijua jibu kabla ya uzi kufungwa. Basi huanzia mwisho: huchukua 9.8, hurudi nyuma kwenye fomula, hujaza jedwali, na kupachika kosa dogo hapa na pale ili mwalimu asishtuke. Hiyo ndiyo kupika data, na fundi wake husifiwa bwenini. Kwenye titresheni ni hivyohivyo: ujazo wa kwanza ukipatikana, wa pili na wa tatu huandikwa kwa kuutazama wa kwanza, burete ikiwa imeshasafishwa na kurudishwa kabatini.

Kinachopotea hapo ndicho maabara ilijengwa kukifundisha, yaani namna ya kukaa na kipimo kinachokataa kukubaliana na matarajio. Agizo la Rais Jakaya Kikwete la 2012, kwamba kila shule ya kata iwe na maabara 3, lilisimamisha kuta nyingi nchini. Kuta hazipimi. Kinachopima ni burete, kemikali, fundi sanifu wa maabara, na mwalimu anayetoa alama nzuri kwa nukta iliyokaa nje ya mstari ikiwa imeelezwa kwa nini imekaa huko. Mwalimu wa namna hiyo ni adimu kuliko kemikali.

Athari ya mazoea hayo hujitokeza kazini. Mhandisi kijana anapokuta mchemraba wa zege wa milimita 150 umevunjika siku ya 28 kwa nguvu iliyo chini ya ile iliyotajwa kwenye mchoro, mkandarasi amesimama pembeni yake na nguzo ya ghorofa inayofuata imeshafungwa nondo, kitakachoamua anaandika namba gani hakikufundishwa mwaka wa nne wa chuo. Ni mkono uliokwisha kuzoea, ama kuandika kilichoonekana, ama kuandika kilichotakiwa. Hali ni hiyohiyo kwa mteknolojia wa maabara ya hospitali anayepata majibu mawili tofauti kwa damu ya mgonjwa mmoja.

Mchujo ukiondolewa, athari inayobaki wazi zaidi ni ya hisabati. Ushahidi mzuri unatoka Denmark. Huko hisabati ya juu ya sekondari ilikuwa imefungamanishwa na fizikia. Katikati ya miaka ya 1980 baadhi ya shule ziliruhusiwa, kwa majaribio, kuichanganya na kemia. Kuna wanafunzi waliochukua hisabati kwa sababu tu ya mlango huo mdogo, ambao vinginevyo wangeikwepa. Juanna Joensen na Helena Nielsen walipowafuatilia, katika kazi iliyochapishwa 2009, waliwakuta na mapato makubwa zaidi, na sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na kwamba walikuwa wamefika mbali zaidi kielimu. Hisabati iliwaacha na milango wazi, nao wakaingia.

Kwa mhitimu wa Tanzania milango hiyo inajulikana, ila husomwa kinyume. Watu huangalia kombi inafungua nini, wakati lenye uzito ni inafunga nini. Udaktari wa binadamu hutaka fizikia, kemia na baiolojia zote tatu, hivyo PCM na CBG ziko nje. Uhandisi hutaka fizikia na hisabati ya juu, na hisabati ya BAM ambayo mwanafunzi wa PCB huisoma pembeni haitoshi. EGM, ambayo wengi huiweka kapu moja na masomo ya sanaa, hubaki na takwimu, uchumi, uhasibu na sayansi ya bima. Wanaoidharau huwa hawajawahi kuona hesabu za bima.

Kuhusu ujuzi wenyewe, hata ule uliopatikana kwa haki huchakaa. David Deming na Kadeem Noray walionyesha mwaka 2020, kwa takwimu za Marekani, kwamba nyongeza ya mapato ya wahitimu wa fani kama kompyuta na uhandisi huwa kubwa mwanzoni mwa kazi kisha hupungua haraka, kwa kuwa zana hubadilika na kijana mpya huja nazo mpya. Programu ya kuchorea ramani za majengo aliyofundishwa mtu akiwa na miaka 20 haitamfikisha 40. Hisabati iliyokuwa chini yake haichakai hivyo.

Njia za kufuata si nyingi. Aliyefaulu hisabati na kuimudu bila kubebwa achukue PCM, PGM au EGM. Anayetaka tiba achukue PCB na asiichezee BAM. CBG inafaa kwa kilimo, misitu na mazingira. Isichukuliwe kwa matumaini ya kuhamia udaktari. Asiyeimudu hisabati asisukumwe, kwa sababu HGL (historia, jiografia na Kiingereza) ya divisheni wani humfikisha mbali kuliko PCM ya divisheni tatu. Kabla ya kuripoti shuleni yaulizwe mawili: mwalimu wa hisabati ya juu yupo au ni wa kuazima, na mwanafunzi hushika burete mara ngapi kabla ya mtihani wa moku. Wasichana wana nafasi zaidi tangu serikali ilipoanza kujenga shule 26 za sayansi za wasichana, moja kila mkoa wa Bara. Waliofaulu vizuri zaidi sayansi kidato cha sita waangalie ufadhili wa Samia, ulioanza 2022; wengine Bodi ya Mikopo.

Anayependa kazi ya mikono asipotezewe miaka miwili. Stashahada ya miaka mitatu baada ya kidato cha nne, katika vyuo kama DIT, Chuo cha Ufundi Arusha au MUST Mbeya, hutoa fundi sanifu anayeweza kuanza kazi, na akiwa na GPA ya 3.0 hudahiliwa shahada. Bajeti ya familia ijue kwamba shahada si mwisho: daktari ana mwaka mmoja wa utarajali, na mhandisi ana miaka mitatu ya mafunzo kazini chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Machaguo yaliyojazwa shuleni kabla ya mtihani hubadilishwa kwenye mfumo wa Selform wa TAMISEMI matokeo yakishatoka, kwa muda maalumu tu. Dirisha likifungwa, kubadili kombi hutegemea nafasi iliyopo shuleni na idhini ya mkuu wa shule.